Marumaru za 60 kwa 120 kwenye ukuta wa bafu: fundi akikwambia saruji na mchanga vinatosha

Mkuu, umeuliza mawili. Kwanza, kama marumaru za sentimita 60 kwa 120 zinaweza kukaa kwenye kuta za bafu la zamani hapo Sakina, Arusha. Pili, kama fundi wako yuko sahihi kusema atazibandika kwa saruji na mchanga "kama siku zote". La kwanza, ndiyo, zinakaa. La pili, hapana, na hapo usikubali kubembelezwa. Mimi ni fundi wa kazi hizi, Arusha na Moshi, na bafu ninazoitwa kurekebisha mara nyingi zina marumaru nzuri kabisa. Shida huwa nyuma yake.

Fundi wako hakudanganyi, anakuambia alichozoea. Zile marumaru ndogo za seramiki za 20 kwa 30 au 25 kwa 40 zinakunywa maji, zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake. Ndiyo maana tulikuwa tunaziloweka kwenye ndoo kabla ya kubandika. Uji wa saruji unaingia kwenye vitundu vya mgongoni, ukikauka umeshika. Hizi kubwa unazozitaka nyingi ni poseleni, na poseleni hainywi: kiwango chake hakizidi asilimia 0.5. Saruji haina pa kuingia. Halafu ongeza uzito. Kipande kimoja cha 60 kwa 120 chenye unene wa milimita 9 au 10 kina kilo 15 hadi 17. Umekipandisha ukutani juu ya kichwa cha mtu anayeoga.

Kuna nyumba Rau, Moshi, mama mwenye nyumba aliniita akisema ukuta wake wa bafu "unaongea" maji yakiupiga. Nikapita na sarafu nikigonga: pembeni ko, katikati tupu, pembeni ko. Nikaondoa grauti, ule uji unaojaza nafasi kati ya marumaru, kuzunguka kipande kimoja, nikapitisha bapa la chuma nyuma yake, kikatoka kizima bila kupasuka. Kizima, mkuu. Ukutani yalibaki mabonge matano ya saruji, manne pembeni na moja katikati, na mgongo wa kile kipande ulikuwa safi, hata ile mistari ya kiwandani unaiona. Kati ya mabonge maji ya shawa yalikuwa yametuama, na harufu yake sitaielezea hapa. Kilichokuwa kimeshikilia ukuta ule ni grauti na rehema za Mungu.

Kwa hiyo nunua gundi ya marumaru ya mfuko, na usome maandishi ya mfuko kabla ya kulipa. Tafuta C2, ndilo daraja la gundi. C1 ni kwa kazi nyepesi. C2 nguvu yake ya kushika ni mara mbili. Ukiona na T, maana yake haiporomoki ukutani; E inakupa muda mrefu zaidi kabla haijaanza kukauka; S1 inavumilia ukuta ukitanuka na kusinyaa. Kwa vipande vya ukubwa huo mimi nataka C2TE, na S1 ikipatikana. Ni ghali kuliko saruji, sikatai. Mfuko wa kilo 20 unanitosha mita za mraba 3 hadi 4. Bafu lako uliloandika, mita 1.8 kwa 2.4, ukipanda hadi mita 2.4 na kutoa mlango, ni kama mita za mraba 18 na nusu. Hesabu mifuko sita. Kama bajeti inabana, shusha daraja la marumaru, gundi iache.

Sasa ukuta, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Nyumba nyingi za zamani za huku bafu lake limepakwa rangi ya mafuta kuanzia chini hadi usawa wa kifua. Hakuna gundi inayoshika ukuta, inashika rangi, na rangi siku ikibanduka inashuka na kila kitu. Kudonoadonoa kwa nyundo ukaacha rangi katikati ya vidonda hakutoshi; ikwangue yote, au uvunje lipu uanze upya. Ukuta uliopigwa niru laini, yaani uji wa saruji wa kulainishia, nao ukwaruzwe hadi uwe na meno. Puti nyeupe ya jipsamu iliyosawazishiwa ukuta, itoe yote upande wa shawa, kwa sababu ikilowa inalegea.

Ukishafika kwenye lipu tupu, chukua rula ya aluminiamu ya mita 2, iweke ukutani wima, kulala na mshazari. Uwazi chini ya rula usizidi milimita 3. Ukizidi, piga lipu upya. Marumaru ndogo hufuata tumbo la ukuta na jicho likasamehe, lakini kipande cha mita 1.2 hakipindi, kitabaki kinaning'inia upande mmoja. Na usiruhusu mtu akuambie atasawazisha kwa gundi nene, wala kwa zile klipu na kabari zake. Klipu zinalinganisha kingo za vipande viwili, haziwezi kunyoosha ukuta. Lipu mpya iache wiki tatu au nne, na ukiangukia Juni au Julai usiharakishe, baridi ya Arusha unaijua.

Kabla ya hapo fundi bomba awe amemaliza. Bomba za PPR, zile za plastiki, zipimwe kwa presha na kuachwa usiku kucha zikiwa na presha hiyo, waya wa shawa ya umeme uwe ndani ya ukuta. Halafu, lipu ikishakauka, dawa ya kuzuia maji, ipakwe mara mbili, ukuta wote wa shawa na sentimita kadhaa za sakafu inapokutana na ukuta. Watu huiruka hatua hii wakidhani marumaru na grauti ndizo zinazozuia maji. Grauti inapitisha.

Mpangilio uchore kwenye karatasi kwanza. Mita 1.8 inagawanyika kwa 60 mara tatu, tamu sana kwenye karatasi, ila ukishapiga lipu pande zote na kuhesabu unene wa marumaru zenyewe utabaki na mita 1.75 hivi. Usianzie kona moja ukamalizia na kipande pungufu upande mlango unapofungukia. Gawa, pembeni kulia na kushoto zilingane. Vipande virefu visimame, safu mbili zinakupa mita 2.4. Ukitaka mtindo wa kupishana kama tofali, pishanisha theluthi, usipishanishe nusu, kwa maana vipande virefu huwa vimejipinda kidogo katikati na nusu kwa nusu inaweka tumbo la kimoja kando ya ukingo wa kingine.

Usianzie sakafuni, sakafu ya bafu ina mteremko wa maji. Funga rula ukutani kwa pima maji, panda juu yake, safu ya chini uikate mwishoni ifuate mteremko.

Kubandika kwenyewe kunahitaji watu wawili na vishikio vya kunyonya. Mwiko wa meno ya milimita 10 au 12, gundi unaipaka ukutani kisha unaichana mistari iliyonyooka, yote upande mmoja, sambamba na upande mfupi wa kipande, ili hewa iwe na njia fupi ya kutokea. Mizunguko ya nusu duara kama feni inafungia hewa ndani. Mgongo wa kipande nao unaupaka gundi nyembamba kwa upande bapa wa mwiko, ukiikandamiza. Ukikiweka, kisogeze kidogo kukatiza mistari, mbele na nyuma, hadi mistari ilale. Kipande cha kwanza kitoe ukiangalie. Bafuni nataka asilimia 95 ya mgongo iwe na gundi, pembe zote nne zikiwemo. Fundi akikataa kukitoa mbele yako, hapo una jibu lako.

Gundi ikishachanwa haisubiri simu ipokelewe. Iguse kwa kidole. Isiponata, ikwangue na uitupe, usiizimue kwa maji. Moshi mwezi wa Februari mimi nachana ukuta wa kipande kimoja tu kwa wakati.

Kukata: diski ya almasi na maji, na tundu la soketi toboa pembe zake kwanza kwa drili ndipo ukate, la sivyo ufa utaanzia pembeni. Acha nafasi ya milimita 2 au 3 kati ya vipande, hata kama dukani wamekuambia zinabananishwa. Grauti baada ya saa 24, wakati wa baridi 48. Pembe ambapo ukuta unakutana na ukuta, na ukuta na sakafu, weka silikoni badala ya grauti.

Dukani, soma namba ya bechi na toni kwenye kila boksi, na ufungue maboksi hapo hapo. Mzigo umetoka Mkuranga au Chalinze kwa lori, kona za vipande virefu ndizo zinazoumia. Chukua zaidi kwa asilimia 10 hadi 15, maana ukirudi baadaye bechi imeisha.

Nikuambie ukweli mwingine: kama rula ikionyesha ukuta umepinda sana na hutaki kugharamia lipu, chukua 30 kwa 60. Bado inapendeza, fundi mmoja anaibeba, na makosa madogo ya ukuta inayavumilia. Pima kwanza, kisha weka hapa vipimo halisi, urefu hadi dari na upande ulipo mlango, nikuchoree mpangilio.