Kwa kocha msaidizi mpya: tazama LSU ya 2019

Wadogo zangu mnaoingia benchi la ufundi la timu ya chuo kwa mara ya kwanza, kabla hamjashika filimbi tafuteni mechi za Louisiana State University, LSU, za msimu wa 2019. Ndiyo, ni futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu. Sheria mtazielewa nusunusu, haidhuru. Nimekaa kwenye mabenchi ya soka ya vyuo miaka mingi, na bado sijapata msimu unaoeleza kazi ya msaidizi vizuri kama huo.

LSU walishinda mechi zote 15 na kutwaa ubingwa wa vyuo wa Marekani kwa kuifunga timu ya chuo cha Clemson 42-25 mjini New Orleans, Januari 13, 2020. Wengi huanza hadithi na Joe Burrow, kwotabeki, yaani yule anayeamua mpira uende wapi: pasi 60 za tachidauni (mpira kufikishwa eneo la mwisho la mpinzani, kama goli kwetu), rekodi ya wakati ule, na tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, juu yake. Mimi naanza mwaka mmoja nyuma. Mwaka 2018 Burrow, aliyehamia hapo baada ya kukosa namba Ohio State, alitoa pasi 16 tu za tachidauni, na zilizofika kwa mwenzake hazikufika asilimia 58. Mwaka uliofuata zilipita asilimia 76. Kwa hiyo mchezaji akikupa msimu wa kawaida, usiharakishe kumwandikia ripoti ya kumwacha.

Kilichobadilika ni mpango. Kocha mkuu Ed Orgeron alimleta Joe Brady, kijana wa miaka 29 aliyekuwa msaidizi New Orleans Saints, timu ya kulipwa, akamkabidhi mchezo wa pasi. LSU waliozoea kubanana katikati na kukimbia na mpira wakaanza kutawanya wapokeaji wa pasi hadi watano uwanja mzima. Sasa angalieni alichokifanya Brady kama mgeni: alikuja na jambo moja alilolijua barabara. Ulinzi ulibaki wa Dave Aranda. Kuita mchezo uwanjani, yaani kuchagua mbinu ya kila shambulizi, kulibaki kwa Steve Ensminger, mzee aliyewahi kuichezea LSU yenyewe. Msaidizi mpya anayetaka kugusa kila kitu wiki ya kwanza, kuanzia mazoezi ya viungo hadi chakula cha wachezaji, huwa hasikilizwi hata kwenye lile analolijua. (Ensminger naye anastahili heshima yake. Si wazee wengi watakaokubali kugawana meza na kijana halafu kijana ndiye apigiwe makofi.)

Ukitawanya wapokeaji watano, hakuna wa kumsaidia kwotabeki isipokuwa wazuiaji watano wa mbele. Wale kwa kawaida hawapokei pasi, na kamera haiwafuati. Mwaka ule walichukua tuzo ya Joe Moore, ya safu bora ya mbele nchini. Kwetu wasaidizi wapya hukimbilia washambuliaji kwa sababu huko ndiko majina yanakopatikana. Nendeni kwa mabeki na kipa wa akiba. Hapo kuna kazi isiyo na mwenyewe, na kocha mkuu huiona haraka kuliko mnavyodhani.

Novemba 9 walikwenda kwa Alabama, timu iliyokuwa imewafunga mara nane mfululizo. Wakaongoza 33-13 mapumzikoni, Alabama wakarudi kwa kasi, lakini LSU hawakujikunja kulinda ushindi. Wakaendelea kushambulia na kumaliza 46-41.

Jambo la mwisho ni daftari. Baada ya ubingwa Brady alikwenda timu ya kulipwa ya Carolina Panthers, Aranda akawa kocha mkuu chuo cha Baylor, na wachezaji 14 wakachaguliwa na timu za kulipwa, Burrow akiwa wa kwanza kabisa. Msimu wa 2020 LSU ilishinda mechi 5 na kupoteza 5. Vyuoni kwetu wachezaji huhitimu kila mwaka na makocha huhama bila kuaga, na mazoezi yote huondoka vichwani mwao. Andikeni kila zoezi, nani alilifanya na lilileta nini, na daftari likae ofisini, si kwenye begi lako.

Mkianza kutazama, anzeni na mechi dhidi ya Texas, robo ya nne: jaribio la tatu kati ya manne wanayopewa kusogeza mpira, bado wanahitaji yadi 17, LSU wanaongoza kwa pointi sita, na bado Burrow anarusha kwa Justin Jefferson, yadi 61 hadi mwisho. Ile dhidi ya Oklahoma, waliyoshinda 63-28, iacheni ya starehe tu.