Tamthilia nzuri Mwanza huanzia kwenye dishi

Mwaka ukiisha, watu wakitaja tamthilia zilizowakosha, wengi hutaja walizoona nusunusu. Sehemu tamu ilipita mvua ikinyesha, skrini ikaandika hakuna mawimbi, wakaishia kusimuliwa na jirani. Kwa anayeishi Kirumba, Igogo, Nyakato au kule Ukerewe, tamthilia ya kuchagua ni ile utakayoweza kuifuata hadi mwisho. Hapo tazama urefu wake, kisha kapande juu ukalitazame dishi.

Urefu hauna maneno mengi. Tamthilia nyingi za Kikorea zina sehemu 16 za saa moja hivi, kwa hiyo zikionyeshwa Jumatatu hadi Ijumaa zinakwisha ndani ya mwezi. Za Kituruki ni habari nyingine. Kwao hutoka sehemu moja kwa wiki, na mara nyingi inazidi saa mbili. Zikiuzwa nje hukatwa vipande vya dakika 45 hivi, ndiyo maana kipande kinaweza kukomea katikati ya mazungumzo. Usiikatie tamaa mapema. Ione vipande vitatu, hapo utakuwa umeona karibu sehemu moja nzima kama ilivyoandikwa, ndipo uamue. Mimi naziweka hizo mbele ya nyingine zote zikiwa zimeingizwa sauti za Kiswahili, kwa sababu bibi na wajukuu wanazifuata pamoja bila mtu kuachwa na maandishi ya chini ya skrini.

Sasa dishi. Antena ya kawaida hapa mjini husumbuliwa na vilima vya mawe: nyumba ikiwa nyuma ya mwamba, mawimbi ya mnara hayaifikii vizuri. Dishi halina shida hiyo. Azam TV iko kwenye setilaiti iliyo juu ya longitudo ya digrii 7 Mashariki, na kwa kuwa Mwanza iko mashariki zaidi ya hapo, unaikuta magharibi, umeegemea kaskazini kwa digrii 5 hivi (dira isome 275), juu kwa digrii kama 60. Kwa mwinuko huo, mwembe uliolizidi dishi kwa mita 10 hauzibi kitu ukiwa mbali zaidi ya mita 6. DStv iko digrii 36 Mashariki, karibu utosini kwetu, kwa hiyo dishi lake hulala sana. Usishangae ukiona madishi mawili kwenye paa moja yametazama kwingine kabisa.

Kazi ianze na nguzo. Ifunge kwenye ukuta wa tofali au zege, siyo kwenye mbao za paa la bati, maana bati hutanuka kwa jua na upepo wa ziwa hulitikisa. Weka pima maji pande mbili za nguzo. Ikiinama, vipimo vyote vya juu yake vitakudanganya. Elekeza dishi la Azam digrii 275, panga mwinuko digrii 60 kwa alama za kwenye kishikio, kisha zungusha polepole ukisoma ubora wa mawimbi kwenye menyu ya king'amuzi. Soma ubora, siyo nguvu: nguvu inaweza kupanda hata dishi likiwa limetazama setilaiti nyingine. Dishi la sentimita 90 likikosea digrii 1 tu limepoteza karibu nusu ya mawimbi, na digrii hiyo ni kama sentimita moja na nusu ukipima ukingo hadi ukingo. Kaza nati kwa zamu, kidogokidogo, kwa sababu kukaza upande mmoja moja kwa moja hulivuta dishi.

Wengi huisahau LNB, kile kichwa kidogo mbele ya dishi kinachopokea mawimbi. Hapa karibu na ikweta, ukitazama magharibi, LNB ya Azam inabidi ilale kiubavu, karibu digrii 90. Ukiiacha wima, chaneli za mawimbi ya wima na ya mlalo hubadilishana nafasi, na king'amuzi kitatafuta bila kupata. Ilaze, kisha igeuze kidogo kidogo mpaka ubora ukome kupanda.

Kuhusu mvua: mawimbi haya yana urefu wa sentimita 2.5 hivi na matone makubwa huyameza. Dishi la sentimita 90 lina eneo mara 2 na robo ya lile la 60. Kama ndiyo unanunua sasa, chukua la 90. Lakini chenga zikiendelea jua likiwaka, usiilaumu mvua, fungua konekta. Kiini cha shaba kikiwa cha kijani au cheusi, maji yameingia. Zima king'amuzi kwanza, maana waya huo hubeba volti 13 au 18 kwenda kwenye LNB. Kata mpaka ufikie shaba inayong'aa, acha kiini kitokeze milimita 2, na hakikisha hakuna unywele wa wavu wa nyuzi unaozunguka waya unaokigusa. Viringisha utepe wa mpira, kisha uache waya uning'inie chini kidogo kabla ya kuingia ndani, ili maji yadondokee hapo.

Wadudu wa ziwani wanapokuja kwa wingi, zima taa iliyo karibu na televisheni na usafishe matundu ya king'amuzi kwa brashi kavu. Wakijaa humo, joto halitoki na king'amuzi hujizima.

Visiwani kwenye sola, televisheni ya LED ya inchi 32 na king'amuzi hula pamoja wati 55 hivi. Ukitazama kwa muda wa saa 4 kila jioni, ni wati-saa 220. Betri ya volti 12, ampea-saa (Ah) 100, ikitumiwa nusu tu ili isife mapema, inatoa wati-saa 600: jioni mbili hata jua lisipotoka. Tafuta televisheni inayotumia volti 12 moja kwa moja, kwa sababu inveta nayo inakula chake.