Matairi ya S2000: achana na semi-sliki za mtumba

Mkuu, umeuliza kama ufunge semi-sliki (matairi ya mashindano yenye mifereji michache) za mtumba ulizozipata Ilala kwenye Honda S2000 yako, gari dogo la michezo. Usifunge, tafadhali. Gari hilo lina kilo 1,250 hivi na farasi karibu 250, zote zinasukuma magurudumu ya nyuma. Masika yakianza, pale Barabara ya Bagamoyo maji yanapotuama, tairi lenye mifereji michache linaelea, halikanyagi lami tena. Isitoshe, gari jepesi huchelewa kulipasha tairi moto, na raba ya namna hiyo bila joto haishiki vizuri.

Chukua mapya ya barabarani ya daraja la juu, mfano Michelin Pilot Sport, yote manne aina moja. Dukani chuchumaa usome ubavuni: baada ya herufi DOT, tarakimu nne za mwisho zikiwa 2319, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata (ile raba yenye mifereji inayokanyaga lami) inaweza kuwa nene na raba imeshakauka. Likizidi miaka mitano mimi silinunui hata kwa bei ya kutupa.

Upepo pima asubuhi tairi likiwa la baridi, ufuate kibandiko cha mlangoni, si makadirio ya fundi.