Maswali na majibu: darasa moja la muziki, watu wazima, viwango kila mtu na chake

Maswali ya safari hii karibu yote yanazunguka jambo moja, mwalimu ana kundi la watu wazima, huyu anapiga vizuri, yule hajui hata C iko wapi, afanyeje. Twende.

Shikamoo mwalimu. Nina watu tisa, wengine kinanda wengine gitaa, wawili wanasoma noti vizuri, waliobaki ndo kwanza wanaanza. Niwagawe makundi mawili?

Marahaba. Usigawe watu, gawa wimbo. Chukua wimbo wenye kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) tatu tu, C, F na G, afu kila mtu mpe kazi yake ndani ya huo huo wimbo. Anayeanza kabisa kwenye kinanda anagonga noti moja ya besi, yaani ya sauti ya chini, kwenye pigo la kwanza, moja mbili tatu nne, anagonga tena, basi, na hiyo ni kazi kamili kabisa maana akiyumba yeye wote wanayumba. Mwenye miezi kadhaa anapiga kodi kamili mkono wa kulia bila kurukaruka: C ni C-E-G, F aiguse kama C-F-A, G kama B-D-G, utaona vidole vinasogea kidogo tu. Wale wawili wanaosoma noti wape melodi, yaani sauti kuu ya wimbo, na mmoja atafute sauti ya pili chini yake.

Kwenye gitaa, anayeanza apige nyuzi tatu nyembamba tu. C ni kidole kimoja, uzi wa pili (hesabu kuanzia ule mwembamba kabisa) freti ya kwanza, freti ni vile vyuma vya kukatisha shingo ya gitaa. G pia kidole kimoja, uzi wa kwanza freti ya tatu. F inawatesa wengi, kwa hiyo ikifika F anyamaze ila aendelee kuhesabu, arudi kwenye C na wenzake. Usidharau huo ukimya, mtu anayejua kunyamaza mapigo manne na kuingia pale pale ameshajifunza kitu ambacho kuna watu wana miaka mingi kwenye muziki na hawakiwezi.

Ila kazi zisigande. Wa besi leo, wiki chache zijazo aongezewe noti ya pili, la sivyo unamfunga pale pale milele.

Wanaojua wanaboreka na mmoja ameanza kukosa vipindi. Nimemwomba awe msaidizi wangu afundishe wengine, hajafurahi.

Ana haki mwalimu. Alikuja kujifunza, hakuja kukusaidia kazi. Mara moja moja sawa, na akitaka mwenyewe, lakini kila kipindi hapana. Mpe kitu kinachomtoa jasho kweli: apige wimbo ule ule kwenye skeli ya D, yaani noti zote zihame uanzie D badala ya C, bila karatasi, atunge mwanzo wa mapigo nane, au aongoze tempo wimbo uanze taratibu uishie haraka bila kundi kusambaratika. Na dakika tano za kipindi ziwe zake, umsikilize yeye peke yake wakati wengine wanafanya mazoezi kimyakimya.

Mama mmoja wa miaka 70 na kitu anavaa vifaa vya kusikia, anasema kinanda kinasikika vibaya, kama kimepasuka. Nimwambie avivue?

Usimwambie avue. Vifaa vingi vimepangwa kwa ajili ya maongezi, sio muziki, ndo maana sauti inakuja imebadilika. Vingi vina mpangilio wa muziki, aende kwa mtaalamu aliyemwekea aombe awashiwe. Kwa upande wako, mkalishe anapoona uso na mikono yako, mbali na ngoma, na hesabu kwa mkono pia sio mdomo tu. Sauti nyembamba za juu ndo huwa zinapotea kwanza umri ukienda, kwa hiyo mpe sehemu ya katikati ya kinanda au chini kidogo.

Na macho jamani! Miwani ya kusomea imepimwa kwa umbali wa kitabu mkononi, stendi ya noti iko mbali zaidi, so mtu anainamia karatasi shingo inauma, we unadhani hajafanya mazoezi. Chapisha noti kubwa, mistari michache kwa ukurasa.

Tukiimba nyimbo za zamani wanalalamika ziko juu sana.

Shusha. Sauti za wanawake wengi zinashuka kadiri umri unavyosogea, sio uvivu. Wimbo ulioko skeli ya C jaribu A ya chini yake. Wa gitaa anaweka kapo (kibanio cha kubana nyuzi zote) freti ya pili anapiga maumbo ya G, C na D, inatoka A, akiwa anayajua hayo hahitaji kujifunza kodi mpya.

Nusu wanajua solfa ya kwaya (do, re, mi), nusu wanataka noti za mistari. Nifundishe ipi?

Zote, na usiwanyang'anye wa kwaya solfa yao. John Curwen aliisambaza Uingereza karne ya 19, akijenga juu ya kazi ya mwalimu Sarah Glover, lengo likiwa watu wa kawaida wengi waimbe pamoja kwa kusoma, yaani watu kama hao ulionao darasani. Imbeni melodi kwa solfa kwanza, afu wenye noti wapige. Kodi ziite namba, 1, 4 na 5, kwenye skeli ya C ndo C, F na G, hapo wote wanaelewana hata mkibadili skeli.

Mahudhurio ni shida, hospitali, wajukuu, safari. Kila wiki narudia somo la nyuma.

Acha kurudia. Panga kila kipindi kijitegemee. Kwa saa moja mimi naenda hivi: dakika 10 mapigo na kuimba pamoja, 15 kila sehemu na mazoezi yake, 25 wimbo wote pamoja, 10 za mwisho wapige wimbo wanaoujua tayari waondoke wakiwa na furaha. Afu rekodi kila sehemu kwenye simu, besi peke yake, kodi peke yake, melodi peke yake, kwa mwendo wa pole, tuma kwenye grupu la WhatsApp siku hiyo hiyo. Aliyekosa akirudi, mpe besi kwa siku hiyo, ataingia bila wengine kusimama kumsubiri.