Safari ndefu ya ndege hailaliwi

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia. Ni kijana mpenda ndege, na amepata safari yake ya kwanza ya masafa marefu, zaidi ya saa kumi na mbili hewani. Anasema kila aliyemweleza habari hiyo amempa ushauri uleule: meza kidonge cha usingizi, funga macho, utaamka umefika. Sasa ananiuliza ni kidonge gani kinafaa.

Sikumjibu siku hiyohiyo kwa sababu swali lenyewe liliniuma. Mdogo wangu, umesimama nje ya uzio wa uwanja miaka mingapi ukiinua shingo? Unaijua Boeing 777 kwa magurudumu yake sita kwenye kila mguu mkubwa. Unaijua Airbus A350 kwa ule weusi unaozunguka vioo vya marubani kama miwani. Zote umezitazama ukiwa chini. Leo unaingizwa ndani, unapewa kiti, halafu unatafuta dawa ya kukuondoa hapo? Kidonge sikutajii. Nitakueleza namna ya kukaa macho.

Nayasema haya nikiwa nimetoka kukamilisha safari niliyoitamani tangu nilipoanza kuzipenda ndege: Singapore hadi New York bila kutua popote, kilomita zipatazo 15,300, karibu saa kumi na nane. Kwa safari za abiria za ratiba hakuna inayoizidi kwa urefu. Wanaofuatilia historia wanajua kwamba mwaka 2004 njia ya kuunganisha miji hiyo moja kwa moja ilianza kwa A340-500, ndege nzuri ya injini nne, lakini yenye kiu ya mafuta, na mwaka 2013 ikasimamishwa. Oktoba 2018 ikarudi kwa A350-900ULR, toleo la A350 lililoundwa kwa masafa marefu kupita kiasi, injini mbili tu. Airbus hawakuongeza matangi; waliubadili mfumo wa mafuta ndani ya matangi yaleyale, nafasi ikapanda kutoka lita zipatazo 141,000 hadi 165,000. Ndani kuna viti 161 peke yake, na daraja la kawaida halipo kabisa. Mimi nilijinyima mambo mengi nikalipa, na sijutii hata senti.

Basi ushauri wangu wa kwanza ni huu: chagua ndege kabla ya kuchagua tiketi. Watu huanza na bei, wengine na jina la kampuni. Wewe anza na aina. Kwenye ukurasa wa kununulia tiketi, ndani ya maelezo ya safari, utaona aina ya ndege au alama yake ya tarakimu na herufi: 359 ni A350-900, 388 ni A380, 77W ni 777-300ER, 789 ni Boeing 787-9. Kisha ingia Flightradar24, tovuti ya kufuatilia ndege zilizo angani, tafuta namba ya safari hiyo, uone wiki nzima iliyopita imekuja ndege gani kweli. Ratiba inaweza kusema hivi na uwanja ukaonyesha vingine.

Hilo nalijua kwa maumivu. Kuna kampuni moja, sitaitaja, niliyoinunulia kiti cha ghorofa ya juu ya A380. Nilikisubiri kiti hicho kwa miezi. Ni ndege ambayo uzalishaji wake ulifungwa mwaka 2021 baada ya kukabidhiwa 251 tu, kwa hiyo kila nafasi ya kuipanda ina thamani, maana kiwanda hakitaunda nyingine. Nilipofika mlango wa kuondokea nikaona pua ya ndege nyingine kabisa nyuma ya kioo. Walikuwa wamebadilisha. Na kiti kipya nilichopewa kilikuwa ubavuni, lakini pale palipopaswa kuwa na dirisha palikuwa na ukuta mtupu. Nilipoeleza shida yangu, mhudumu wa kaunta alinitazama akasema, "Ndege ni ndege." Maneno matatu. Hadi leo yananirudia. Nilikaa usiku mzima nikiutazama ukuta.

Kwa hiyo usiridhike na tiketi mkononi. Masharti ya usafiri huwapa makampuni ruhusa ya kubadilisha ndege, na ubishi wa mlangoni haukusaidii kitu. Fuatilia tangu siku kadhaa kabla. Ukiona mabadiliko, fungua ramani ya viti mara moja uhamie safu yenye dirisha, maana baadhi ya safu hazina, kwa mfano pale mabomba ya hewa yanapopita ukutani. Narudia: aina ya ndege kwanza, ramani ya viti pili, na zote mbili zikaguliwe tena siku ya safari.

Sasa kiti. Watakuambia ukae juu ya bawa kwa sababu mtikisiko wa hewa husikika kidogo pale, na ni kweli, ni karibu na kitovu cha uzito. Lakini pale utaona bamba la bawa na mwanga wake, basi. Kaa nyuma ya bawa, safu kadhaa nyuma. Hapo unaliona bawa likifanya kazi: flapu, vile vibao vya ukingo wa nyuma, zikishuka na kurudi, vibao vya juu vikiinuka wakati wa kutua. Upande nao upangie. Kwenye ramani, chora njia ya ndege jinsi inavyopinda juu ya duara la dunia, usichore mstari ulionyooka, kisha ujiulize jua litakuwa wapi na kaskazini kuko wapi. Mimi nilikuwa naelekea mashariki nikipita kaskazini ya Pasifiki, kwa hiyo nilichagua kushoto. Sababu utaiona.

Tuliondoka karibu na saa sita usiku. Ndege iliyobeba mafuta ya saa kumi na nane haipai kwa pupa. Uzito wa juu kabisa wa kuondokea wa ULR ni tani 280. Ilikimbia, ikakimbia, taa za pembeni mwa njia zikageuka mstari mmoja, na pua haijainuka bado. Halafu niliona kitu ambacho picha haziwezi kukuonyesha: kabla magurudumu hayajaachana na ardhi, ncha ya bawa ilikuwa tayari imekwisha kupanda. Bawa hutangulia kuruka, mwili hufuata. Nyuzi za kaboni zinajipinda bila kunung'unika. Nilikuwa nimeusoma ukweli huo mara nyingi sana, lakini usiku ule niliuona kwa macho yangu na mikono ikanitetemeka.

Mtu aliyemeza kidonge alikuwa amekwisha kulala.

Tukatulia futi 33,000. Hapa toa daftari. Skrini ya mbele yako ina ramani ya safari, na ile ramani ni darasa kwa anayejua kuisoma. Ndege nzito haiwezi kwenda moja kwa moja kwenye kimo chake kizuri. Huchoma mafuta, ikapungua uzito, ikapanda ngazi. Niliandika kila ngazi na saa yake: 33,000, 35,000, 37,000, 39,000, mwishoni 41,000. Umeona kwamba maelfu yote ni ya witiri? Katika vimo hivyo ndege zinazoelekea mashariki hupewa maelfu ya witiri na za magharibi ya shufwa, ili zinazopishana ziachane futi elfu moja. Ukilijua hilo, kila namba inayobadilika kwenye skrini inakuwa habari. Jirani yako anaona namba tu.

Kuna wakati kasi kwenye skrini ilipita kilomita 1,100 kwa saa. Usiogope, na usiende kutangaza kwamba umevuka kasi ya sauti. Ndege inakata hewa kwa mwendo wake wa kawaida, kama asilimia 85 ya kasi ya sauti. Ni hewa yenyewe inayosafiri, ule mkondo wa upepo mkali wa juu unaovuma kuelekea mashariki. Ndiyo maana wapanga safari huutafuta wakati wa kwenda mashariki na kuukwepa wakati wa kurudi.

Jua lilichomoza mashariki ya Japani. Muda si mrefu tukavuka mstari wa tarehe, ule wa katikati ya Pasifiki ambao ukiuvuka kwenda mashariki kalenda hurudi nyuma siku moja, na mchana tuliokuwa nao ukawa mchana wa tarehe tuliyokwisha kuiaga Singapore. Fikiria: tarehe imekwisha, umeizika usiku wa manane, halafu unarudishiwa jua lake juu ya bahari. Mchana huo ulikuwa mfupi kwa sababu tulikuwa tunakimbia kinyume na jua. Lilipozama, upande wa mashariki ukapanda ukanda wa bluu iliyokolea wenye utepe wa waridi juu yake. Ule ukanda ni kivuli cha dunia yenyewe kimeangukia anga. Kutoka ardhini huonekana pia, ila huku juu hakuna mlima wala vumbi la kukuziba.

Kisha giza, Kanada chini yetu, na sababu ya kukaa kushoto ikafika. Mwanzoni nilidhani ni wingu. Likasogea. Likawa pazia la kijani linalopinda na kukunjuka kuelekea kaskazini, kilomita mia moja na zaidi kwenda juu, chembe kutoka kwenye jua zikigonga oksijeni ya anga la juu. Nilifunika kichwa na blanketi pamoja na dirisha ili mwanga wa ndani usiakisi kwenye kioo, nikakaa humo sijui muda gani. Nililia, na sioni haya kuandika hivyo. Nilipotoa kichwa nikatazama safu zote zilizonizunguka: madirisha yamefungwa, watu wamelala. Niliwasikitikia kwa dhati.

Mwili utunze, si jambo la kueleza kwa kirefu. Hewa ya ndani ni kavu, unyevu wake mara nyingi hauzidi asilimia 20, kwa hiyo kunywa maji kabla hujasikia kiu. Inuka utembee, vaa soksi za kubana miguu, na lala vizuri usiku mbili tatu kabla ya safari ili uweze kukesha. Hii ni faida nyingine ya kuchagua ndege: ndani ya 787 na A350 shinikizo la hewa ni kama la mahali penye kimo cha futi 6,000, wakati ndege nyingi za kizazi kilichotangulia hufikia futi 8,000. Kichwa kinakuwa chepesi, macho yanavumilia.

Picha: vua filta ya polaraizi, ile ya kupunguza mng'ao, kwenye lenzi, la sivyo vioo vya dirisha vitakutolea michirizi ya upinde wa mvua. Usiegemeze lenzi kwenye kioo, mtetemo utaharibu picha. Kile kitundu kidogo chini ya dirisha si kasoro. Kipo kwenye kioo cha kati ili shinikizo libebwe na kioo cha nje, na pia husaidia kuzuia ukungu. Kikipata barafu pembeni yake, piga picha ya barafu.

Liko jambo moja ninalotaka wapenda ndege walisikie vizuri. Kwenye safari nyingine ya usiku, abiria aliyekaa kando yangu aliniambia nifunge dirisha. Nje kulikuwa usiku, hakuna mwanga wowote uliokuwa ukimsumbua. Nikamweleza kwa heshima kwamba natazama nje. Akasema, kwa sauti ya kusikiwa na safu mbili, "Si mawingu tu? Mtu mzima mzima!" Watu wakacheka. Nililifunga, na mlima wenye theluji ambao nilikuwa nimeusubiri ukapita nyuma ya plastiki.

Sitalifunga tena kwa sababu ya kicheko. Mhudumu akiomba, tii mara moja, hiyo ni kazi yake na usalama wetu. Jua likimpiga mtu usoni, funga nusu, mstahi. Lakini anayekucheka kwa sababu unapenda usimpe dirisha lako. Umelilipia, umelipanga, umelala na ramani yake kichwani. Mawingu tu? Mawingu ya radi yanayomulikwa kutoka ndani usiku, kivuli cha ndege yako kikiteleza juu ya utando mweupe na duara la rangi limekizunguka, hayo ndiyo mawingu tu. Kizazi kilichotutangulia kilitazama ndege angani kama muujiza. Sisi tumewekwa ndani ya muujiza, tukafunga pazia tutazame filamu tuliyokwisha kuiona nyumbani. Tuache. Kaa macho. Fungua dirisha. Kaa macho.

Ukitua, usikimbilie kusimama mlangoni. Kwanza andika usajili wa ndege. Herufi zetu zilianza na 9V, alama ya Singapore, na za ULR zinafuatana kuanzia 9V-SGA, saba tu zilizoundwa. Kwa usajili huo utaweza kuifuatilia ndege yako popote itakapokwenda. Abiria wakishuka, muulize mhudumu kwa adabu kama marubani wana dakika moja. Tangu Septemba 2001 mlango wao hufungwa hewani, lakini chini, injini zikiwa zimezimwa, mara nyingi hawakatai. Uwe na swali la maana tayari. Mimi nilimfungulia nahodha daftari langu nikamwomba ahakiki ngazi za kupanda na saa zake. Alizipitia moja moja kwa kidole, akamwita mwenzake aje aone, na zote zilikuwa sahihi.