Mhindi, Mhindu na Baniani

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu jinsi Waingereza walivyoitazama dini ya watu wa India katika karne ya 19. Niliipa jina "Dini ya Kihindi Chini ya Ukoloni". Msimamizi wangu ameizungushia "Kihindi" wino mwekundu, na pembeni kaandika "Kihindu!" bila maelezo. Mtaani kwetu wote tunawaita Wahindi, yamekwisha. Kuna tofauti kweli, au ni ubishi wa wasomi? Na Baniani naye tumweke wapi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Msimamizi wako kapatia, ila angekufaa zaidi kama angekueleza badala ya kukuachia alama ya mshangao.

Mhindi ni mtu wa India au mwenye asili ya huko, awe anaswali msikitini, anasali kanisani au anakwenda hekaluni. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu, hata awe mzaliwa wa Nepal au kisiwa cha Bali. Chukua matajiri wawili wa Unguja ya karne ya 19. Taria Topan alikuwa Mhindi lakini hakuwa Mhindu; alikuwa Khoja, Mwislamu wa Ismailia. Jairam Shivji, ambaye kampuni yake ilikodi forodha ya Sultani kwa miaka mingi, alikuwa Mhindi na Mhindu pia. Ukisema "dini ya Kihindi" umeingiza humo hata Ubudha na dini ya Makalasinga, maana zote zilizaliwa India. Niliwahi kuletewa rasimu ya tafsiri iliyosema kwamba mwaka 1947, India ilipogawanywa ikazaliwa Pakistan, "Wahindi walikimbia Pakistan kwenda India". Waislamu waliokuwa wakikimbia kuelekea upande wa pili wao walikuwa nani, kama si Wahindi?

Maneno yote mawili yametoka kwenye jina la mto, Sindhu. Waajemi waliligeuza likawa Hindu, na kwao mwanzoni lilitaja nchi na watu wa ng'ambo ya mto ule, wala halikuhusu ibada. Waarabu wakaiita nchi al-Hind na mtu wake Hindi, kwa ile -i ya nasaba unayoiona mwishoni mwa Shirazi na Barwani. Sisi tulilipokea la Waarabu, ndiyo maana tuna Bara Hindi na Bahari ya Hindi. (Mahindi nayo tumeyapa jina hilo, ilhali asili yake ni Amerika! Lugha haiombi cheti cha kuzaliwa.) Hindu, kwa maana ya dini, ni mgeni wa baadaye kwetu.

Na hapa ndipo irabu hiyo ya mwisho, -i au -u, inapoigusa tasnifu yako. Kipindi unachokitafiti ndicho ambacho jina la watu lilikuwa likigeuka kuwa jina la dini moja. Charles Grant, ofisa wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, alishaandika neno lenye maana ya "Uhindu" mwaka 1787. Rammohan Roy, msomi wa Bengal, akalitumia mwaka 1816 akiitetea imani yake kama yeye alivyoielewa. Kisha zikaja sensa za serikali ya kikoloni, na safu ya dini ikadai jibu moja kwa watu waliozoea kujitaja kwa tabaka lao au kwa mungu wanayemwabudu. Wanahistoria bado wanabishana kama ukoloni uliunda Uhindu au uliukuta tayari. Ukiandika Kihindi, umefuta ubishi wenyewe kabla hujauanza.

Baniani ni neno la biashara. Chimbuko lake ni Kigujarati, vaniyo, yaani mfanyabiashara, na nyani hahusiki hata kidogo. Pwani yetu iliwajua Wahindu kwanza kama wenye maduka na wakopeshaji kutoka Gujarat na Kutch, basi jina la kazi likageuka jina la dini. Leo lina harufu ya dharau, kwa hiyo lisitumike isipokuwa unanukuu hati ya zamani au methali. "Baniani mbaya kiatu chake dawa" iache ilivyo; hakuna anayehariri methali.

Kuhusu "chini ya ukoloni", si kosa, lakini imelegea. Ukikusudia wakati, andika "enzi za ukoloni". Ukikusudia mamlaka, mtaje mwenyewe: hadi 1858 India ilitawaliwa na Kampuni, baada ya hapo na Taji la Uingereza, na mtahini yeyote atakuuliza unamsema yupi. Mimi ningeandika hivi: "Uhindu Machoni pa Watawala wa Kiingereza, Karne ya 19". Kama "machoni pa" itamchoma msimamizi wako, mwambie ni Kiswahili safi.