Ameanguka, ameinuka, anaongea: usimwache alale peke yake

Mdogo wangu ni bodaboda. Alianguka Mbagala saa moja usiku, helmeti ikining'inia kwenye usukani kama kawaida yao. Alizimia kidogo, akazinduka, akajikung'uta vumbi na kuanza kugombana na dereva wa bajaji. Damu haikuwepo, ila kinundu panjani, juu kidogo mbele ya sikio. Tukampa chai, akasema kichwa kinamgonga, akaenda kulala. Saa nne nikamsikia anatapika. Nilipommulika kwa tochi ya simu, mboni moja ilikuwa kubwa kuliko ya pili.

Daktari aliyempasua usiku ule alinieleza kwa mfano wa nazi. Fuvu ndicho kifuu. Chini yake kuna tando tatu: wa nje mgumu, umeshikana na mfupa kama nyama ya nazi na kifuu, wa kati mwembamba kama nyumba ya buibui, wa ndani laini, umegandana na ubongo wenyewe. Baina ya hizi mbili za ndani mna maji, na ubongo unaelea humo. Sasa pale panjani mifupa minne inakutana, na hapo fuvu ni jembamba, halafu kwa ndani umepita mshipa wa ateri. Mfupa ukipata ufa, mshipa unachanika, damu inaubandua ule utando wa nje. Kifuu hakitanuki, kwa hiyo kinachobanwa ni ubongo. Mtu anaongea vizuri saa kadhaa, kisha anazima. Mwigizaji Natasha Richardson alianguka kwenye theluji Kanada, Machi 2009, akasema yuko salama na ambulensi ikarudi bure. Siku mbili baadaye alifariki kwa damu ya namna hiyo.

Ngozi ya kichwa huvuja damu nyingi hata kwa jeraha dogo, isikuhangaishe kuliko haya: kupoteza fahamu hata kidogo, kutapika tena na tena, kusinzia hovyo, mkono kulegea, maji maangavu puani au sikioni. Hapo ni hospitali yenye CT scan, mashine ya kupiga picha ndani ya kichwa, usiku huohuo. Maumivu mpe paracetamol, si diclofenac wala aspirini. Na msiseme "amelewa tu". Mlevi naye ana fuvu.

Wazee wana lao: damu ya vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, huvuja polepole, babu akaanza kuchanganyikiwa wiki kadhaa baada ya kuteleza bafuni, mmeshasahau.

Mdogo wangu ananyoa kipara makusudi, kovu lionekane. Helmeti anavaa. Mkanda wa kidevuni hafungi mpaka nimfokee.